Kaditama, Katalogi na Maneno ya Kutafutia: Historia Fupi ya Namna Kitabu cha Kiswahili Kinavyomfikia Msomaji

1.0 Utangulizi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewaliwaza waandishi wetu wengi, wakaamini kwamba kitabu kikiwa kizuri wasomaji watakifuata popote kilipo. Historia ya fasihi ya Kiswahili haitoi ithibati ya kauli hiyo. Tungo nzuri zimelala makabatini kwa miaka mingi kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejua aziulizie kwa jina gani, na nyingine zimefika mbali kwa sababu tu zilipewa jina lililomnasa msomaji. Baina ya uzuri wa kitabu na jicho la msomaji kuna daraja, na daraja hilo limejengwa kwa maneno.

Makala haya yanakusudia kutalii historia ya maneno hayo, yaani maneno ambayo kwayo kitabu cha Kiswahili hutambulishwa, huorodheshwa na hatimaye kutafutwa. Mada hii imepuuzwa na wahakiki wetu kwa kudhaniwa kuwa ni shughuli ya wakutubi na wauza vitabu. Lakini hali ya uandishi imebadilika. Nchini Kenya, wachapishaji wameegemea mno vitabu vya shule, kwa kuwa hilo ndilo soko lenye uhakika. Mwandishi mwenye diwani au riwaya isiyolenga mtaala huishia kubisha milango isiyofunguliwa. Wengi wameamua kujichapishia na kuuza kazi zao kwa njia ya intaneti. Huko mwandishi hukutana na swali ambalo hakuwahi kuulizwa na mhariri yeyote: msomaji asiyekujua wala kukijua kitabu chako ataandika maneno gani ndipo akipate?

Hoja yetu ni kwamba kulijibu swali hilo ni tendo la uhakiki kabla ya kuwa tendo la biashara. Aidha, tutaonyesha kwamba mamlaka ya kukiita kitabu kwa maneno yake yaliwahi kuwa mikononi mwa mtunzi wa Kiswahili, yakachukuliwa na wakusanyaji, wakutubi na wachapishaji, na sasa yamemrudia mtunzi ghafla, ilhali hana wa kumwongoza.

2.0 Mtunzi Anapojitambulisha

Mtunzi wa utendi wa kale hakuwa na jalada, wala ukurasa wa jina, wala mchapishaji. Hata hivyo hakuiacha kazi yake ipotee bila kitambulisho. Desturi ya tendi nyingi ilikuwa kuanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, kisha kueleza kinachokusudiwa kusimuliwa, na kumalizia kwa kaditama ambamo mtunzi aliweza kujitaja, kutaja tarehe na pengine idadi ya beti. Kwa njia hii kitambulisho kilifumwa ndani ya utungo wenyewe. Mnakili aliyeuandika upya alilazimika kukinakili pia, na msikilizaji aliyeuhifadhi moyoni alikihifadhi pamoja nao.

Mfano bora ni Utendi wa Mwana Kupona. Mtunzi wake, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, ameitaja tarehe ya utungo katika beti za mwisho: mwaka 1275 wa Hijra, sawa na 1858. Hatukuhitaji mtafiti wa baadaye kutukisia. Mtunzi mwenyewe alijua kwamba utungo ungesafiri kutoka mkononi mwa bintiye hadi mikononi mwa watu asiowajua, naye akautia alama.

Hata hivyo jina la utungo halikuwa thabiti kama kaditama. Jina lilitokana na matumizi ya watu, na watu huita kitu kwa lile wanalolikumbuka. Utendi mkongwe wa Mwengo wa Athumani wa Pate, wa mwaka 1728, unajulikana kwa wengine kama Utendi wa Tambuka, kutokana na mahali palipohusika na vita vinavyosimuliwa, na kwa wengine kama Utendi au Chuo cha Herekali, kutokana na mfalme wa Rumi aliyepigana na Waislamu. Neno chuo lenyewe, ambalo leo humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye taasisi ya elimu, katika Kiswahili cha wakati ule lilimaanisha kitabu. Kazi ni moja, milango ni miwili: mmoja wa mahali, mwingine wa mtu. Msomaji aliyekumbuka Tambuka hakuwa na budi kuelezwa na mjuzi kwamba anachokitafuta kimehifadhiwa kwingine kwa jina la Herekali.

Tunaona basi kwamba tangu mwanzo swali la maneno ya kutafutia lilikuwa na sura mbili. Kuna maneno anayoyachagua mtunzi, na kuna maneno anayokuja nayo msomaji. Mjuzi wa mji, yule aliyezihifadhi tungo moyoni na kujua majina yake yote, ndiye aliyekuwa daraja kati ya pande hizo mbili.

3.0 Wakusanyaji na Wakutubi

Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19, daraja hilo lilianza kuhamia mikono mingine. Mmishenari William Taylor alikusanya mashairi mjini Mombasa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, mjuzi ambaye bila yeye sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka bin Haji isingetufikia. Miswada hiyo ilihifadhiwa London. Kazi hii tunaishukuru, lakini hatuna budi kuchunguza maneno yaliyobandikwa juu yake.

Mnamo 1934, Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi wa Mwana Kupona kwa anwani ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili tungeifasiri hivi: Wosia wa Mwana Kupona Kuhusu Wajibu wa Mke. Yeyote aliyeusoma utendi huo anafahamu kwamba wajibu wa mke umo, na umo kwa uzito. Lakini yamo pia mafunzo ya dini, adabu ya mtu mbele ya watu, na dua ndefu ya mama mgonjwa anayewaombea wanawe. Anwani ilichagua sehemu moja ikaifanya jina la kitabu kizima. Tangu hapo, wanafunzi waliofundishwa kuutafuta utendi huu waliutafuta chini ya ndoa na utiifu, na uhakiki mwingi, wa kuunga mkono na wa kupinga, umezunguka hapo hapo. Maneno ya kutafutia yaligeuka kuwa maneno ya kusomea. Msomaji hukuta kile alichotumwa kukitafuta.

Muyaka naye alipitia njia mbili. Hichens aliyachapisha mashairi yake mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka bin Haji, jina linalokita katika mapokeo ya ushairi wa Mashariki ambako diwani ni mkusanyiko wa mashairi ya mtu mmoja. Mohamed Abdulaziz alipoyatolea utafiti wake mwaka 1979, aliupa anwani ya Kiingereza yenye jina la Muyaka pamoja na maneno yenye maana ya ushairi wa umma wa Waswahili wa karne ya 19. Anwani ya kwanza inamjia msomaji anayejua diwani ni nini. Ya pili inamjia mtafiti wa historia ya jamii hata kama hajawahi kusikia jina la Muyaka. Hakuna iliyokosea, kila moja imechagua msomaji wake.

Baada ya wakusanyaji walifuata wakutubi. Katika uainishaji wa Dewey, ulioanza mwaka 1876, fasihi za Ulaya zilipewa nafasi pana kuanzia namba 820 hadi 880, na fasihi za lugha nyingine zote duniani zikabanwa katika 890. Fasihi ya Kiswahili ikaangukia 896.392. Namba hiyo haina ubaya wenyewe, ila inamlazimisha mkutubi kuandika tarakimu nyingi kabla ya kufika mahali ambapo mwenzake wa fasihi ya Kiingereza amefika kwa tarakimu tatu. Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyofungua ofisi yake ya Nairobi mwaka 1966, imefanya kazi kubwa ya kukusanya vitabu vya Afrika Mashariki ambavyo vingine havipatikani kwa urahisi hata katika maktaba zetu. Lakini vichwa vya mada vinavyotumiwa katika katalogi yake ni vya Kiingereza. Riwaya iliyoandikwa Tanga kwa ajili ya wasomaji wa Tanga hupatikana humo kwa neno ambalo msomaji wa Tanga hakulitumia kamwe kuiita.

Wapo waliofanya juhudi kubwa. J. W. T. Allen alitoa mwaka 1970 katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Ernst Dammann akaorodhesha ile iliyoko Ujerumani katika katalogi ya mwaka 1993. Katalogi kama hizi ziliirudisha kazi ya mjuzi wa mji katika umbo la maandishi. Lakini ni nani aliyekuwa na katalogi hizo nyumbani? Zilikuwa za wataalamu, na mtunzi alikuwa ndani yake kama mada. Hakuwa msemaji.

4.0 Anwani Kama Kitambulisho

Ofisi ya Fasihi ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1948, na baadaye kampuni za uchapishaji zilipoongezeka, maneno ya kukitambulisha kitabu yaliingia mikononi mwa mhariri. Msomaji alikiona kitabu rafuni dukani, na katika hatua ya kwanza alikuwa na anwani, jina la mwandishi na picha ya jalada. Kwa hiyo anwani ilibeba mzigo wote.

Baadhi ya anwani ziliubeba vizuri ajabu. Chukua utenzi wa Hemedi bin Abdalla uliofasiriwa na Allen, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Msomaji anaambiwa utanzu, tukio, wahusika, matokeo na mahali. Hakuna orodha ya maneno ya kutafutia inayoweza kuwa kamili zaidi. Ila maneno nayo huzeeka. Mwanafunzi wa leo anayetafuta habari za uvamizi huo ataandika Wajerumani, wala hataandika Wadachi. Ataandika pwani ya Tanzania, wala hataandika Mrima. Na kutamalaki huenda hajalisikia. Anwani iliyokuwa wazi kwa msomaji wa zamani imekuwa fumbo kwa mjukuu wake.

Katika ushairi, maneno mawili yalijenga aina ya mapokeo. La kwanza ni diwani: tunayo Diwani ya Mnyampala, Diwani ya Akilimali na nyinginezo. La pili ni malenga. Baada ya Malenga wa Mvita wa Ahmad Nassir kuchapishwa mwaka 1971, walifuata Malenga wa Mrima wa Mwinyihatibu Mohammed mwaka 1977 na Malenga wa Ziwa Kuu wa Wallah bin Wallah mwaka 1988. Neno malenga lilimwambia msomaji kwamba hiki ni kitabu cha mashairi, na jina la mahali likamwambia sauti hiyo inatoka wapi. Zaidi ya hayo, kila kitabu kilimkumbusha mwenzake, hivi kwamba aliyempenda malenga wa Mvita alijua wa kumwendea baadaye. Mfumo huu haukubuniwa na mashine, nao ulifanya kazi ile ile ambayo wauzaji wa mtandaoni leo huitegemea mashine kuifanya.

Fasihi pendwa ilikuwa mbele zaidi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona mwaka 1974 na Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Ben Mtobwa, mwandishi aliyeanzisha kampuni yake ya Heko, alitoa Salamu Toka Kuzimu. Kifo, kufa, kisasi, kuzimu: msamiati huu mdogo ulirudiwarudiwa kwa makusudi. Wahakiki wengi waliukejeli kuwa ni ukosefu wa ubunifu. Kwa mtazamo wa makala haya, ulikuwa mfumo wa utambulishi ulioeleweka pande zote mbili. Msomaji aliyekuwa na shilingi chache na safari ndefu ya basi alijua anachonunua. Aidha, baadhi ya waandishi hao walijichapishia wenyewe katika miaka ya 1970 na 1980, kwa hiyo walikuwa wa kwanza kujifunza kwamba asiye na mchapishaji hana budi kuwa mpiga mbiu wa kazi yake.

Kinyume chake, waandishi wengine walichagua anwani za sitiari. Asali Chungu na Dunia Mti Mkavu za Said Ahmed Mohamed, Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, Mzingile ya Kezilahabi: hizi ni anwani ambazo maana yake hukamilika baada ya kitabu kusomwa. Hilo ndilo kusudi lake la kisanaa na hatuwezi kulilaumu. Dukani, mbele ya msomaji aliyeshika kitabu mkononi, hazikuwa na hasara kubwa, kwa kuwa jalada na muuzaji walisaidia. Je, itakuwaje pale ambapo hakuna muuzaji wala jalada la kushikwa, bali kisanduku cheupe kinachosubiri neno?

5.0 Mtambo Mbele ya Ngeli

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alibuni njia ya kuifanya kompyuta ipange makala kwa maneno makuu yaliyomo katika anwani zao. Wazo la msingi lilikuwa rahisi: neno katika anwani lichukuliwe kama mlango. Mitambo ya kutafutia tunayoitumia leo imeendelea mno kupita hapo, lakini msingi huo haujatoweka. Msomaji huandika neno, na mtambo huulinganisha na maneno uliyonayo.

Tatizo ni kwamba kulinganisha maneno kulisanifiwa kwanza kwa Kiingereza. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni iliyosifika sana ya kukata viambishi tamati ili maneno ya asili moja yahesabiwe kuwa moja. Kwa Kiingereza kanuni hiyo yafaa, kwa sababu wingi na unyambulishaji wake mwingi huonekana mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni. Shairi, mashairi, ushairi, mshairi na washairi ni ukoo mmoja kwetu. Kwa mtambo usiojua ngeli, ni wageni watano wasiofahamiana. Vivyo hivyo penda, mpenzi, wapenzi na mapenzi.

Watunga kamusi walilitambua tatizo hili zamani. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson mwaka 1939 iliweka nomino nyingi chini ya kitenzi zilikotoka, hivi kwamba mtumiaji alipaswa kujua mzizi kwanza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliwapa watumiaji nafasi ya kulipata neno kama walisikiavyo, pamoja na kiambishi chake. Mabadiliko hayo yalikuwa uamuzi kuhusu nani anatafuta: mwanaisimu au msomaji wa kawaida. Mwandishi anayejichapishia leo anakabiliwa na uamuzi ule ule.

Kuna matatizo mengine matatu yanayostahili kutajwa. La kwanza ni tahajia. Wapo wanaoandika tamthilia na wapo wanaoandika tamthiliya. Wapo wa utenzi na wapo wa utendi. Kitabu kilichojiita kwa namna moja tu huenda kikamkosa msomaji wa namna ya pili. La pili ni majina ya waandishi. Aliyeandika Asali Chungu kwa jina la Said Ahmed Mohamed ameandika makala za kitaaluma kwa jina la Said Khamis, na msomaji asiyelijua hilo hudhani ni watu wawili. La tatu ni anwani zilizo maneno ya kila siku. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ni miongoni mwa riwaya zilizopendwa sana nchini Kenya. Lakini andika maneno hayo mawili katika mtambo wa kutafutia bila kuongeza riwaya au jina la mwandishi, nawe utasalimiwa kuliko utakavyosomeshwa. Kidagaa Kimemwozea ya mwandishi huyo huyo, ya mwaka 2012, haina hatari hiyo; hatari yake ni kwamba aliyeisikia redioni anaweza kuandika kimemuozea.

Na lugha yenyewe ina majina mawili. Sisi twaiita Kiswahili, na walimwengu wengi huiita Swahili. Katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha imepewa herufi sw, na katika orodha pana zaidi Kiswahili cha pwani kina alama yake na kile cha Kongo kina yake. Baadhi ya majukwaa ya kuchapishia hayakiweki kabisa katika lugha ambazo mwandishi anaweza kuzichagua. Katika hali kama hiyo, maneno ya kutafutia ndiyo pekee yanayobaki kushuhudia kwamba kitabu ni cha Kiswahili.

6.0 Masanduku Saba

Kampuni ya Amazon ilipoleta kifaa chake cha Kindle mwaka 2007, ilifungua pia njia ya mwandishi kujichapishia bila kupitia kwa mhariri. Katika utaratibu wake, mwandishi hupewa nafasi saba za maneno ya kutafutia, kila moja ikiwa na herufi zisizozidi 50. Haikubaliki kurudia yaliyomo katika anwani, kujisifu kwamba kitabu ni bora kuliko vyote, wala kutumia majina ya waandishi wengine ili kuwanasa wasomaji wao. Majukwaa mengine yana masharti yanayokaribiana na hayo. Hizi nafasi saba ndizo kaditama mpya.

Ili tusizungumze hewani, natuchukue kazi inayojulikana. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda katika shindano la uandishi la Ofisi ya Fasihi ya Afrika Mashariki la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Ni riwaya ya upelelezi, na humo ndimo Bwana Msa alimotokea kwa mara ya kwanza. Anwani haisemi lolote kuhusu upelelezi. Tuseme mwandishi angekuwa anajichapishia leo: angechagua maneno gani?

Nafasi ya kwanza ingekuwa ya utanzu, kwa lugha ya msomaji: riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Ya pili ingebeba wingi na neno mbadala: hadithi za wapelelezi na mauaji. Ya tatu ingekuwa ya mahali kwa majina yote mawili: Unguja na Zanzibar, kwa sababu mwenyeji ataandika la kwanza na mgeni la pili. Ya nne ingekuwa ya wakati: Zanzibar kabla ya mapinduzi ya 1964. Ya tano ingemtaja Bwana Msa, kwa kuwa wapo wanaomkumbuka mpelelezi wakamsahau mwandishi. Ya sita ingemfikiria mwanafunzi na mwalimu wake: fasihi pendwa ya Kiswahili. Ya saba tungeiacha kwa maneno ya Kiingereza, kwa ajili ya msomaji wa ughaibuni aliyejifunza Kiswahili na hajui riwaya zetu huitwaje.

Kuna neno moja ambalo tungelikataa, nalo ni hadithi za kutisha. Anwani ina mzimu, na neno hilo la kutisha lingeweza kuwaleta wasomaji wengi. Lakini Bwana Msa huliendea fumbo kwa akili na ushahidi, na mtu aliyekuja kutafuta majini angeondoka akiwa amedanganywa. Pengine angeandika maoni mabaya chini ya kitabu kizuri. Historia ya intaneti yenyewe inatupa funzo. Katika miaka ya 1990 wenye kurasa walizoea kuficha humo maneno mengi yasiyohusiana na kilichoandikwa ili mitambo iwapeleke wageni kwao. Udanganyifu ulizidi hadi maneno hayo yakapoteza thamani, na mwaka 2009 kampuni ya Google ilitangaza kwamba haiyatumii katika kupanga matokeo yake. Ufunguo uliofungua kila mlango uliishia kutofungua hata mmoja.

Kutokana na zoezi hili, tunaweza kutoa kanuni chache. Neno lichaguliwe kwa kusikiliza namna msomaji anavyoomba kitabu, na mahali pa kusikiliza ni madukani, maktabani na madarasani. Umoja na wingi vitajwe vyote, na tahajia mbili zipewe nafasi pale zinapoishi pamoja. Majina ya mahali yafuate kinywa cha mwenyeji na cha mgeni. Anwani ya sitiari isiachwe kwa hofu ya mtambo. Iachiwe sanaa yake, na uwazi ubebwe na anwani ndogo pamoja na maneno ya kutafutia. Na juu ya yote, kila neno liwe la kweli.

Lakini kanuni hizi hazimalizi jambo, kwa maana swali la nafasi ya kwanza, yaani utanzu, haliwezi kujibiwa na mwandishi peke yake. Mwandishi aliyetunga kisa cha kurasa 90 atakiita riwaya, novela au hadithi ndefu? Aliyetunga mashairi yasiyofuata vina na mizani atakiita kitabu chake diwani na kumshangaza msomaji wa Muyaka, au atatafuta neno jingine? Maswali haya yamekuwa chakula cha semina zetu kwa miongo mingi. Mijadala ya mashairi huru tuliyoiendesha kwa ukali ilikuwa, kwa sehemu, mijadala ya nani ana haki ya kutumia neno shairi. Kumbe kulikuwa na mtu wa tatu asiyealikwa, naye ni msomaji anayetafuta, ambaye hupata au hukosa kitabu kwa kutegemea neno tulilokubaliana au kushindwa kukubaliana.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Mwana Kupona aliutia utungo wake tarehe kwa mkono wake, na kwamba miaka 76 baadaye wengine wakautia anwani iliyoamua usomwe vipi. Tumeona Hemedi bin Abdalla akihifadhiwa na anwani iliyo wazi ambayo sasa inahitaji kufasiriwa, na waandishi wa fasihi pendwa wakijenga msamiati wa utambulishi tuliokuwa tukiucheka. Katika visa vyote hivi, maneno ya juu ya kitabu yaliamua nani angekifikia na angekisoma akitarajia nini.

Leo mwandishi anayejichapishia amerudishiwa mamlaka hayo. Akiyaacha wazi, yatajazwa na maneno ya jumla yanayokusanya riwaya ya Lamu, kitabu cha mapishi na mwongozo wa mtalii chini ya neno moja la Afrika. Akiyajaza kwa uongo, atapata wanunuzi wachache waliokasirika. Akiyajaza kwa uangalifu, atakuwa amefanya kwa kazi yake kile ambacho Sikujua alifanya kwa mashairi ya Muyaka: kuhakikisha kwamba anayeuliza anajibiwa.

Idara zetu za Kiswahili zina wajibu hapa. Tunawafundisha wanafunzi kuchambua maudhui, fani na wahusika, kisha tunawaacha wasijue kukiita kitabu kwa maneno saba. Zoezi la kumpa mwanafunzi riwaya na kumtaka aichagulie maneno hayo, akitetea kila moja kwa ushahidi wa matini, lingepima usomaji wake kwa ukali kuliko insha nyingi tunazosahihisha. Hali kadhalika, istilahi tunazozijadili zingepata mtihani wa haki: kama neno letu la kitaalamu haliwezi kumfikisha msomaji wa kawaida kwenye kitabu, basi au tulifundishe lijulikane, au tujifunze neno lake.